Oveni ya Gesi Isiyopata Moto: Ifuate Gesi Tangu Mtungini

Naamini namba zilizochapwa kwenye swichi ya oveni zimeharibu keki nyingi kuliko unga mbovu na mayai viza kwa pamoja. Mwokaji anasoma kwamba keki iokwe kwa nyuzijoto 180, anageuza swichi mpaka palipoandikwa 180, anafunga mlango na kwenda kuosha vyombo. Baada ya dakika 40 keki inatoka imeungua chini, juu imepauka, katikati uji mtupu. Anajilaumu mwenyewe: bekingi pauda ilikuwa kidogo, mayai yalitoka kwenye friji, amekoroga mno. Wiki inayofuata anarudia, na safari hii ni oda ya kipaimara, imeshalipiwa nusu. Ikiharibika hiyo anaitwa fundi. Fundi anatikisa kichwa, anasema jiko limekufa, nunua jingine.

Mara nyingi jiko halijafa. Oveni ya gesi ina vitu vichache sana ndani yake, na karibu kila ugonjwa wake huacha dalili ambayo mwenye nyumba anaweza kuiona kwa macho yake, kabla hata ya kushika bisibisi. Tatizo ni kwamba moto wake umefichwa chini ya bati la sakafu. Moto wa pleti za juu tunauona kila siku. Ukiwa mdogo tunajua, ukiwa wa njano tunajua, ukizimika tunajua. Wa oveni hatuuoni, basi tunabaki kuubashiri kwa kuitazama keki.

Naliandika hili kwa sababu kwa kina mama na vijana wengi wa mijini oveni ni mtaji. Inalipa ada, inalipa kodi ya chumba. Na majiko ya gesi yanazidi kuingia majumbani: Mei 2024 Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, ukilenga asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Tumehamasishwa sana kununua mtungi. Kuelewa kinachotokea gesi ikishatoka mtungini, hilo kila mtu ameachiwa ajifunze kwa hasara yake.

Kabla ya kugusa chochote, pima. Kipimajoto cha oveni ni kidude kidogo cha chuma chenye mshale, kinachotundikwa au kusimamishwa kwenye wavu wa katikati, na maduka yanayouza vyombo vya kuokea huwa nacho. Weka swichi kwenye 180, funga mlango na usiufungue. Soma kupitia kioo baada ya dakika 10, ya 20, ya 30, na uandike. Oveni nzima hulifikia joto lake ndani ya dakika 15 hadi 20, kisha huyumba kidogo juu na chini ya hapo, kwa kuwa themostati hupunguza na kuongeza gesi. Ukiona 170 sasa na 190 baadaye usishtuke. Ukiona imepanda hadi 120 ikagoma hapo, gesi haitoshi au themostati inaibana mapema. Ukiona imepita 230 na bado inapanda, themostati imeacha kufanya kazi. Ikiwa imetulia vizuri kwenye 155 siku zote, huna ugonjwa mkubwa. Una swichi inayosema uongo, na dawa yake ni kuandika kwenye karatasi kwamba 180 ya vitabu ni 205 ya jikoni kwako.

Asiye na kipimajoto atumie sukari. Sukari nyeupe ya kawaida huyeyuka kwenye joto la karibu nyuzi 186. Weka kijiko kimoja kwenye kipande cha foili, ingiza ndani ya oveni iliyokwisha kupata moto kwa alama ya 175, ngoja robo saa. Chembe zinatakiwa kubaki chembe. Pandisha hadi 195, ipe muda ipate moto, kisha weka kijiko kingine cha sukari kwa robo saa. Hicho kinatakiwa kuyeyuka. Sukari ya kwanza ikiyeyuka, oveni yako ina moto kuliko inavyodai. Ya pili ikibaki kavu, inapungukiwa.

Lakini kuna swali la kuuliza kabla ya hayo yote: je, oveni yako ina themostati? Wengi wananiangalia kwa mshangao nikiuliza hivyo, maana namba si zipo? Fungua mlango, mulika kwa tochi ya simu ukutani kwa ndani, nyuma au pembeni. Themostati ya oveni ya gesi ina kijiti cha chuma au shaba, kinene kidogo kuliko msumari, kilichobanwa ukutani kwa klipu na kuunganishwa na kibomba chembamba kinachotokomea nyuma ya paneli. Ndani ya kijiti hicho kuna kimiminika. Joto likipanda kimiminika hutanuka, husukuma kiwambo kilichoko nyuma ya swichi, na kiwambo hubana njia ya gesi. Usipokiona kijiti hicho, oveni yako haina themostati. Ina koki tu. Ukigeuza swichi unaongeza au kupunguza moto, kama unavyofanya kwenye pleti za juu, na hizo nyuzijoto zilizochapwa ni makisio ya kiwandani. Majiko mengi ya bei nafuu yanayouzwa kwetu ni ya namna hiyo. Yanaoka vizuri kabisa, ila yanamtaka mwokaji akae na kipimajoto muda wote.

Kuna pia swichi zenye namba 1 hadi 9 bila alama ya nyuzi. Huo ni utaratibu wa Uingereza, uliotokana na themostati iliyoitwa Regulo, ambayo ilianza kufungwa kwenye majiko ya New World mwaka 1923. Namba 1 ni kama nyuzijoto 140, namba 4 ni 180, namba 6 ni 200, namba 9 ni 240. Anayefuata mapishi ya vitabu vya Kiingereza azikariri namba hizo.

Sasa tuifuate gesi tangu inapotoka. Gesi ya kupikia iliyomo mtungini ni kimiminika, mchanganyiko wa propani na butani uliobanwa. Ukifungua, sehemu ya kimiminika huchemka na kuwa mvuke, na mvuke huo ndio unaokwenda jikoni. Kuchemka kunahitaji joto, nalo huvutwa kutoka kwenye kimiminika chenyewe na kwenye chuma cha mtungi. Ndiyo maana mtungi uliofanya kazi nzito hutoka jasho, na ukiugusa kwa chini ni wa baridi. Kadiri unavyopoa ndivyo msukumo wa gesi unavyopungua.

Hapo ndipo mtungi mdogo wa kilo 6 unapomwangusha mwokaji. Bana ya oveni ya nyumbani, yaani bomba linalotoa moto, huwa na nguvu ya kilowati 2 hadi 3, ambayo kwa moto mkubwa ni karibu gramu 200 za gesi kwa saa. Peke yake mtungi mdogo unaiweza. Ukiongeza pleti mbili za juu zenye maharage na nyama, halafu mtungi wenyewe umebaki robo, kimiminika kilichobaki ni kidogo, chuma kinachogusana nacho ni kidogo, na joto la kukichemsha haliji kwa kasi inayotakiwa. Keki iliyoanza vizuri inakosa moto katikati ya safari. Kuna jambo jingine: propani huchemka kwenye nyuzijoto 42 chini ya sifuri, butani karibu na sifuri yenyewe. Kwa hiyo propani hutangulia kutoka, na mtungi unapoelekea kwisha kilichobaki ndani kwa wingi ni butani, ambayo kwenye baridi huamka kwa uvivu. Mtu wa Makete au Lushoto mwezi wa Julai anaweza kuwa na gesi mtungini na asiwe na moto wa kuokea. Anayeoka kwa biashara atumie mtungi wa kilo 15, au wa 13 kwa walioko Kenya, na aoke kabla haujafika mwishomwisho. Kuulaza mtungi ili umalizike, au kuukalisha kwenye maji ya moto, au kuuweka karibu na mkaa, ni kuchezea maisha ya watu waliolala humo ndani. Ukiulaza, kimiminika chenyewe kinaweza kuingia kwenye regulata, nayo haikuumbwa kwa hilo.

Jaribio la kujua kama tatizo liko kwenye mtungi na mpira, au liko ndani ya jiko, ni rahisi na halina gharama. Washa pleti moja ya juu, weka moto wa wastani, utazame. Kisha washa oveni kwa moto mkubwa huku macho yako yakiwa kwenye ile pleti. Ikiwa moto wa pleti unanywea mara tu oveni inapowaka, gesi haifiki ya kutosha: angalia kiasi kilichobaki, koki ya mtungi kama imefunguliwa yote, mpira kama umekunjika nyuma ya jiko au umekandamizwa na mguu wa meza, na regulata kama imechoka. Ikiwa moto wa pleti haukutingishika hata kidogo, acha mtungi wako upumzike. Ugonjwa uko ndani ya oveni.

Regulata ya nyumbani hushusha msukumo wa gesi hadi milibari 30 hivi. Hufanya kazi hiyo kwa kiwambo cha mpira na springi, na vyote viwili huzeeka. Baada ya miaka 10 ibadilishwe hata kama bado inafunga. Na zile regulata za msukumo mkubwa, zenye kishikio cha kuongeza na kupunguza, zinazotumika kwenye majiko makubwa ya mama lishe, zisifungwe kamwe kwenye jiko lenye oveni. Nimeona watu wakizifunga ili oveni “ipate nguvu”. Themostati na vali za jiko la nyumbani hazikutengenezwa kubeba msukumo huo. Kuhusu mpira, mizuri huchapwa mwaka wa kutengenezwa; usome. Ukiwa umekakamaa, una nyufa au una alama za meno ya panya, ubadilishe leo. Kuvuja hutafutwa kwa povu la sabuni kwenye maungio, na povu likitoa vipovu umepata. Anayetafuta kwa njiti ya kiberiti anatafuta kifo.

Tuingie ndani. Ugonjwa unaowachanganya wengi ni huu: unabonyeza swichi, cheche inatoka, moto unawaka, ukiachia swichi unazimika. Hiyo ni themokapo, na kwa kweli inafanya wema. Ni kijiti kidogo cha metali mbili tofauti ambacho ncha yake hukaa ndani ya moto. Ikipata joto huzalisha umeme mdogo mno, milivolti kadhaa tu, unaotosha kushikilia sumaku iliyoko kwenye vali ya gesi. Moto ukizimika kwa upepo, ncha inapoa, sumaku inaachia, gesi inajifunga. Bila kitu hicho gesi ingeendelea kumwagika ndani ya nyumba. Kwa kuwa ncha inahitaji muda kupata joto, swichi lazima ishikiliwe imebonyezwa sekunde 10 hadi 15 baada ya moto kuwaka. Wengi huachia kwa sekunde tatu na kudhani jiko ni bovu. Ukihesabu mpaka 15 na bado moto unazimika, angalia kama ncha imefunikwa na masizi au mafuta, uisugue taratibu kwa msasa laini jiko likiwa limepoa. Angalia kama imepinda ikatoka nje ya moto. Na fundi akaze nati yake kule nyuma ya vali. Isipopona ibadilishwe. Ni kipuri kidogo cha bei ndogo. Kuna mafundi ambao badala ya kuibadilisha huizungushia waya ili vali ibaki wazi siku zote. Huyo usimruhusu arudi kwako.

Ndugu zetu walioko Marekani na Kanada wana hadithi yao. Oveni nyingi za huko huwashwa na kijiti cha umeme kinachong'aa chekundu, na umeme huohuo unaopita kwenye kijiti ndio unaofungua vali ya gesi. Kijiti kikichoka kinaendelea kung'aa, kwa hiyo mtu anasema kizima, kumbe umeme unaopita umepungua na vali inachelewa au haifunguki. Kikikaa chekundu kwa zaidi ya dakika moja na nusu bila moto kuja, kibadilishwe hicho kwanza. Na anayefikiria kulipakia jiko la namna hiyo kwenye kontena alilete Tanga ajue linataka umeme wa volti 120, nyumbani tuna 230.

Moto ukiwaka na kubaki, uutazame. Bati la sakafu ya oveni kwa kawaida hutolewa kwa kufungua skrubu mbili au kulinyanyua tu, na chini yake utaiona bana, bomba lenye matundu mengi madogo. Moto mzuri ni wa bluu, umekaa juu ya kila tundu, hautoi sauti kubwa. Ukiona unaruka matundu upande mmoja, hayo yamezibwa na kutu, mafuta ya kuku au siagi iliyomwagika mwaka juzi. Yasafishwe kwa brashi ya waya, bana ikaushwe kabisa kabla ya kurudishwa. Na ikiwa jiko lilikaa miezi bila kutumika, buibui na mende huwa wamejenga ndani ya bomba. Utando mdogo tu unatosha kuharibu mchanganyiko wa gesi na hewa.

Moto wa njano wenye masizi ni habari nyingine, na hapa naomba msomaji anisikilize. Una maana kwamba gesi haipati hewa ya kutosha. Gesi isiyoungua vizuri hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Harufu kali tunayoijua ya gesi imetiwa makusudi kiwandani ili tugundue inapovuja; kaboni monoksidi haina mtu wa kuitia harufu. Jiko lenye moto wa njano lisitumike kuokea mpaka sababu ijulikane, na dirisha la jikoni libaki wazi hata pakiwa na mvua.

Sababu yake mara nyingi ni jeti, na jeti ndiyo inayoteswa kuliko kifaa kingine chochote cha jiko. Jeti ni kipande kidogo cha shaba chenye tundu ambalo gesi hupenya kuingia kwenye bana. Kwa gesi ya mtungi tundu hilo huwa chini ya milimita moja, na jeti nyingi zina namba ndogo iliyochongwa: 75 maana yake milimita 0.75. Fundi asiye na subira akiona moto mdogo huchukua sindano na kulipanua tundu. Moto unakua papo hapo, mwenye nyumba anafurahi, fundi anachukua hela yake. Kilichotokea ni kwamba gesi imezidi hewa. Mwezi mmoja baadaye keki zina ladha ya moshi na kuta za oveni ni nyeusi, na tundu likishapanuliwa halirudi. Jeti iliyoziba huloweshwa kwenye maji ya moto yenye sabuni na kupulizwa. Iliyoharibika hununuliwa nyingine yenye namba ileile.

Ukubwa wa tundu unategemea aina ya gesi. Propani ina nishati zaidi ya mara mbili ya gesi asilia kwa ujazo uleule, na hufika jikoni kwa msukumo mkubwa kidogo. Kwa hiyo jiko la gesi asilia lina jeti pana, la mtungi lina jeti nyembamba. Majiko ya mtumba kutoka Uingereza na Ulaya, ambako nyumba nyingi hutumia gesi ya bomba, mara nyingi huja na jeti pana. Ukiyafunga kwenye mtungi unapata moto mrefu wa njano. Kinyume chake kinaweza kumkuta mtu wa Mikocheni au Mtwara ambaye nyumba yake imeunganishwa na bomba la gesi asilia: akihamia na jiko lake la mtungi bila kubadilisha jeti, oveni itakuwa na moto mdogo kama mshumaa na haitapanda joto hata ikiwashwa tangu asubuhi. Habari hizi zimeandikwa kwenye bati dogo nyuma ya jiko au pembeni ya mlango wa oveni. G30 au G31 ni gesi ya mtungi, na kando yake utaona msukumo wa 28 hadi 30 au 37. G20 ni gesi asilia, kwa milibari 20. Kubadilisha jeti na kurekebisha hewa ni kazi ya fundi mwenye kipimo cha msukumo, wala hakuna aibu kumwambia kwa upole: “Fundi, samahani, kabla hujafungua kitu naomba tuwashe tuutazame moto kwanza, halafu unipimie msukumo.” Fundi wa kweli hataudhika.

Gesi ikiwa sawa, moto wa bluu, themokapo nzima, na bado oveni haipandi joto, rudi kwenye kile kijiti cha themostati. Klipu zake hulegea. Kikianguka na kulala karibu na moto, kinahisi joto kali kabla ya oveni nzima kupata moto, kinabana gesi, na keki inabaki kwenye vuguvugu. Kukirudisha kwenye klipu ni kazi ya dakika mbili, na nimeona jiko likipelekwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kwa ugonjwa huo tu. Kikiwa kimefunikwa na mafuta yaliyokauka kinachelewa kuhisi. Kifute taratibu bila kukipinda. Kibomba chake kikikatika na kimiminika kikivuja, kwa aina nyingi za themostati moto hauna tena wa kuuzuia na kila kitu kinaungua. Hapo ni themostati mpya.

Nimeyaacha mpaka sasa kwa makusudi mambo ambayo si ubovu wa kifaa chochote, na pengine ndiyo yaliyoenea zaidi. La kwanza ni sinia. Bibi zetu wa pwani walipooka mkate wa kumimina waliweka moto chini, kisha wakaupalia makaa juu ya kifuniko, na waliookea keki kwenye sufuria yenye mchanga walifanya vivyo hivyo. Walijua moto wa chini peke yake hauivishi juu. Oveni ya gesi haina makaa ya juu. Moto wake uko chini, na kinachoivisha juu ya keki ni hewa ya moto inayopanda pembeni, kupinda darini na kushuka. Ukiingiza sinia linalogusa kuta zote mbili, umeifungia hewa hiyo chini. Nusu ya chini inakuwa jehanamu, ya juu inakuwa kivuli. Acha nafasi ya vidole viwili kila upande, oka kwenye wavu wa katikati au wa juu kidogo, na usioke trei mbili kwa mpigo kwenye oveni ndogo isiyo na feni bila kuzibadilishana nafasi.

La pili ni foili iliyotandikwa kwenye sakafu ya oveni ili isichafuke. Inaziba matundu ambayo joto hupandia na ambayo bana huvutia hewa. Itoe. La tatu ni haraka: mlango unafunguliwa kila dakika tano kuangalia, na kila mara joto linamwagika nje. Balbu ya ndani ikiwa imeungua, nunua balbu.

Mlango wenyewe uchunguze pia. Bana ukanda wa karatasi kati ya mlango na fremu, oveni ikiwa ya baridi, kisha uvute. Ukichomoka bila kukwama, mpira wa mlango umelala au bawaba zimelegea. Bawaba huharibiwa na kuegesha sufuria nzito juu ya mlango uliofunguliwa. Mpira mpya hununuliwa kwa urefu na kuvishwa bila fundi. Ila matundu ya kutolea moshi nyuma ya oveni usiyazibe kwa kudhani yanapoteza joto. Bila hayo moto unakosa hewa.

Unapowasha, fungua mlango wa oveni kwanza. Siku zote. Isipowaka ndani ya sekunde 15, funga gesi, acha mlango wazi, subiri dakika tano ndipo ujaribu tena. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatuama sakafuni na kwenye mvungu wa oveni, na cheche ya pili huikuta yote pamoja. Ukisikia harufu nzito usiguse swichi ya taa, si ya kuwasha wala ya kuzima. Funga mtungi, fungua milango inayofika chini, toa watoto nje.

Sasa kuna majiko ambayo kweli yamefika mwisho. Ukuta wa ndani uliotobolewa na kutu, bati la sakafu lililopinda hadi halikai, vali ya gesi inayovuja kwenye shina lake hata baada ya kufunguliwa na kusafishwa: hayo hayastahili hela tena. Ukienda kununua jingine, jipya au la mtumba, usianze na rangi wala idadi ya pleti. Mwombe muuzaji afungue oveni umulike ndani utafute kijiti cha themostati. Soma bati la nyuma ujue ni la gesi gani. Funga mlango na ukanda wa karatasi, uvute. Kisha mtungi uunganishwe, jiko liwashwe, na wewe mwenyewe ushike swichi, uhesabu hadi 15, uachie, uone kama moto unabaki. Baadhi ya maduka hukataa kuwasha jiko kabla halijalipiwa. Nenda duka la pili.